Bia nyeusi ya Kibelgiji haitaki moto wala baridi

Swali limetoka kwa kijana wa Chumbageni, hapa hapa Tanga, nalifupisha maana alilimwaga refu: "Shikamoo anti. Shemeji yangu ni baharia, ametuletea chupa mbili za bia nyeusi za kiwanda kidogo cha Marekani, lebo inasema mtindo wa Ubelgiji, kilevi asilimia 10, chupa kubwa ya mililita 750 ina kizibo na waya kama shampeni. Ya kwanza tuliitia friza tukaifungua siku ya mechi ya watani, ikatapika povu nusu chupa mezani, iliyobaki ina tope chini na ladha ya dawa ya kikohozi. Nikamwambia shemeji umeuziwa bia mbovu, akanuna. Ya pili iko juu ya kabati mwezi wa tatu huu. Imeharibika? Na kama bado nzima inanyweka vipi, na mnasikiaga nini humo nyie mnaosema ina ladha kumi?"

Marahaba baba. Kwanza tafuta namna ya kumtuliza shemeji, bia yake haikuwa mbovu, kwa maelezo uliyonipa, kati ya povu, tope na dawa ya kikohozi, mawili mmeyafanya nyie na hilo tope liliwekwa humo makusudi na waliotengeneza.

Sasa sikiliza. Baa yoyote ya Bongo ukiagiza bia mhudumu anakuuliza kitu kimoja tu, ya moto au ya baridi? Vijana wanasema baridi, wazee wengi wanasema moto, maisha yanaendelea. Mi nikiwa nafundisha wahudumu wa hoteli nawaambia bia ya aina hii haina jibu kwenye hilo swali, inataka katikati, nyuzi 10 mpaka 14 hivi, na hiyo hali Tanga haipo mwaka mzima, hata kipupwe cha mwezi wa saba hakifiki huko, friji lako linakaa kwenye 4 au 5, friza iko kama 18 chini ya sifuri, na juu ya kabati, chini ya bati la Chumbageni mwezi wa pili, sitaki hata kusema. Kwa hiyo hiyo katikati lazima uitengeneze mwenyewe, na ukiikosa hapo hata ungekuwa umeletewa bia ya watawa wenyewe wa Ubelgiji ungekunywa kitu kichungu chenye spiriti na ungekuja kunilalamikia vile vile.

Baridi kali inafanya hivi. Harufu za bia zinapanda zikiwa na joto kidogo, ukiigandisha zinalala, pilau lililotoka friza halikunukii mpaka ulipashe na hii ndo hivyo hivyo. Alafu ulimi ukiwa na ganzi ya baridi unasikia utamu kidogo sana, ila uchungu, gesi na ukali wa kilevi vyenyewe havilali. Sasa bia nzima imejengwa kwenye harufu na ule utamu wa matunda makavu, ukiviondoa hivyo viwili kinabaki nini? Dawa ya kikohozi. Lager zetu zimetengenezwa kwa ajili ya baridi, nyepesi, safi, jua kali, hazina cha kupoteza pale, na sizidharau hata kidogo, mchana wa Raskazone naomba Kilimanjaro ya baridi na si hii ya shemeji yako.

Povu nalo lina sababu zake. Bia hizi nyingi zinamaliza kuchachuka ndani ya chupa, yaani wanatia sukari kidogo na hamira kabla ya kuziba, hamira inakula, gesi inazaliwa humo humo na kwa kawaida inakuwa nyingi kuliko ya lager, ndo maana ya chupa nene na kizibo cha waya. Mkaiweka friza, ikaanza kuganda. Bia ya asilimia 10 haigandi kwenye sifuri, inashuka nyuzi kadhaa chini ya hapo, lakini friza inafika huko bila shida, na barafu ikianza gesi inafukuzwa na vile vichembe vya barafu vinakuwa mahali pa povu kuanzia. Ongezea mtu aliyeitoa mbio Simba na Yanga wakiwa wanaingia uwanjani, akaitikisa, akaling'oa kizibo kwa nguvu. Ingefanya nini zaidi ya kutapika.

Na lile tope ndo hamira yenyewe imelala chini, haina sumu, wengine wanaimimina yote, mi naiacha kwa bia nyeusi maana inaleta ladha ya mkate mbichi na inafunika matunda. Ladha yako wewe utaamua, lakini glasi ya kwanza iwe safi ujue bia yenyewe ikoje.

Kabla ya kuifungua hiyo ya pili, ngoja nikwambie ndani kuna nini, maana watu wengi wakiona nyeusi wanadhani Guinness. Guinness weusi wake unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka karibu kuungua, ndo ule uchungu wa kahawa. Hizi za Kibelgiji mara nyingi hazina kuungua kule, weusi na wekundu wake unatoka kwenye kimea cha rangi na hasa kwenye sukari, wanachukua sukari, Ubelgiji ni ya viazisukari, wanaipika mpaka inakuwa shira nyeusi inayonukia zabibu na tende, ndo wanaitia kwenye pipa. Na sukari ina kazi ya pili. Hamira inaimaliza karibu yote ikawa kilevi, haiachi uzito, kwa hiyo unapata bia ya asilimia 10 ambayo haikujazi tumbo na haikai mdomoni nzito kama uji. Wanaolijua boha la miwa la huko Usambara wanaelewa jinsi kinywaji cha sukari kinavyoteleza halafu kinakukamata umeshakaa. Na usipime ukali kwa rangi, Westmalle Tripel, bia ya Kibelgiji, ni ya dhahabu na ina asilimia 9.5, Guinness ile ya pipa ni nyeusi tii na ina 4 na kidogo tu.

Alafu hamira, hapa ndo penye utajiri. Lager inachachushwa kwenye ubaridi, nyuzi 8 mpaka 13 hivi, hamira inafanya kazi polepole na haiachi harufu nyingi. Wabelgiji wanatumia hamira za aina nyingine na wanaziacha zipande joto, 20 na kitu, na kwenye joto lile hamira inatoa harufu ya ndizi mbivu, peasi, karafuu, pilipili manga. Ukisikia karafuu kwenye glasi usidhani wametia, mara nyingi hamna hata punje moja, ni kazi ya hamira kwenye nafaka. Kuna viwanda vinatia giligilani au ganda la chungwa, sawa, hasa hivi vidogo vya Marekani vinapenda kuchezea, lakini msingi ni hamira.

Watawa ndo nawasikia wote mnawauliza. Ni kweli mtindo huu umeshikwa sana na monasteri za Watrapisti, shirika moja la watawa wa Kikatoliki, Rochefort wana ile namba 10 yenye asilimia 11.3, Westvleteren 12 ina 10.2, Chimay ya bluu ina 9, na neno Quadrupel, yaani jina la mtindo huu wa bia nyeusi kali, lilianza kutumiwa 1991 na watawa wa La Trappe ambao hata hawako Ubelgiji, wako Uholanzi. Ila kuandika Trapisti kwenye chupa si ruhusa ya kila mtu, kuna chama chao tangu 1997 na alama yake ya pembe sita, bia lazima itengenezwe ndani ya eneo la monasteri chini ya watawa na mapato yaende kuendesha monasteri na kusaidia watu. Hiyo ya kwako ni ya mtindo tu, na hilo si tusi. St. Bernardus ya Watou, Ubelgiji, kwa mfano si monasteri, ni kiwanda cha kawaida, lakini kuanzia 1946 mpaka 1992 walikuwa wanatengeneza kwa leseni ya wale wa Westvleteren, na Abt 12 yao mi nainywa kwa raha kuliko baadhi ya za watawa. Na upande wa Amerika kaskazini wameshika vizuri tu, Unibroue wa Chambly kule Quebec wana Trois Pistoles ya asilimia 9, Ommegang wa Cooperstown, New York, walianza 1997 na kazi yao tangu mwanzo ilikuwa bia za Kibelgiji. Na watawa kutengeneza kinywaji isikushangaze, panda gari ya Lushoto ushuke Soni, Wabenediktini wa Sakharani wana mvinyo wao. Jambo moja watu hawalitaji, Ubelgiji mwaka 1919 ilipitisha sheria ya kuzuia pombe kali kuuzwa baa, na wapo wanaosema kwamba hapo ndo watu waliokuwa wanataka kitu chenye nguvu wakahamia kwenye bia nzito. Yaani serikali ilizuia pombe kali, ikapata bia ya asilimia 9.

Haya, chupa ya pili. Leo leo itoe juu ya kabati. Joto linazeesha bia haraka, kila nyuzi 10 zikiongezeka uzee unakwenda mara mbili hivi au zaidi, kwa hiyo miezi mitatu hapo juu si sawa na miezi mitatu kwenye ghala la baridi walikoitengeneza. Lakini usihofu sana, bia nyeusi yenye kilevi kingi ndo inayovumilia kuliko zote, lager ingekuwa imeshanuka kadibodi iliyolowa, hii inaweza kuwa imeelekea upande wa zabibu na mvinyo mtamu, na kuna watu wanaziweka miaka makusudi kwa ajili hiyo. Isimamishe wima kwenye friji, chini kabisa, siku mbili, hamira ishuke yote. Usiilaze. Na usiiweke dirishani kwenye mwanga hata kama chupa ni ya kahawia, jua na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, havielewani, inatoka harufu mbaya ya kwapa.

Siku ya siku itoe friji uiache mezani bila kuigusa. Kwa joto la Tanga chupa kubwa kama hiyo inataka kama nusu saa, ile ndogo ya 330 dakika 20 zinatosha, kama kuna feni inapuliza punguza. Kama huna kipimajoto shika chupa, inatakiwa iwe ya ubaridi wa maji ya mtungi, sio ile ya kuumiza kiganja. Ukikosea kosea kwenye ubaridi, maana kwenye glasi itajipasha yenyewe lakini ikishapita huna pa kuirudisha. Na barafu kwenye glasi ni marufuku, nakuomba.

Glasi, tafuta ya mvinyo yenye tumbo, au ile ya brandi. Usinywe na chupa, pua itakuwa inafanya nini? Ioshe, uisuuze mpaka sabuni iishe kabisa, glasi yenye mafuta ya mishkaki ya jana inaua povu sekunde ile ile. Fungua waya taratibu, kidole gumba juu ya kizibo, zungusha chupa na sio kizibo, kiache kitoke kwa kupumua, sio kwa bunduki. Mimina ukiwa umeinamisha glasi, nusu tu, sio ujaze, na ukianza mimina kwa wote mfululizo maana kila ukiirudisha chupa wima unalitikisa tope. Ukiona inaanza kuwa na ukungu simama, sentimita mbili za mwisho ziache.

Sasa uliniuliza tunasikia nini. Usianze na mdomo. Ziba glasi na kiganja, izungushe kidogo, fungua unuse mara fupi fupi, sio moja ndefu, pua inachoka upesi. Kama hujui utafute nini nenda kabla ya hapo sokoni Mgandini ununue tende, zabibu kavu, karafuu mbili tatu, sukari guru, na ndizi iliyoiva mpaka ina madoa, viweke kwenye visahani, nusa kimoja, nusa glasi, nusa kingine. Sio mchezo wa watoto, mi wanafunzi wangu wote nawaanzishia hapo, maana harufu unaijua ila jina lake linakimbia, ukiwa nayo mkononi unaikamata. Nyingi zitaanza na zabibu na sukari iliyopikwa, kisha ndizi au peasi kwa mbali, kisha karafuu na pilipili manga juu juu. Plamu pia, zile za Lushoto zikianza kunywea.

Kwenye mdomo chukua kidogo, iache ipite ulimi wote kabla ya kumeza, na baada ya kumeza toa pumzi kwa puani, hapo ndo nusu ya ladha inapotoka na wengi wanaikosa. Itaanza tamu, kisha gesi itakuja kuufagia ule utamu, na mwisho wake inatakiwa iwe kavu, sio utamu wa soda kubaki kwenye meno. Hiki ndo kipimo changu mimi cha kiwanda kidogo kinachojua kazi na kisichojua, kila mtu anaweza kutengeneza kitu kitamu chenye asilimia 10, kukausha mwisho wake ndo ufundi. Kilevi ukisikie kama joto linashuka kifuani, kikikuchoma pua na koo kama spiriti basi ama imechachushwa vibaya ama bado changa. Uchungu uwe kidogo, wa kushikilia tu.

Alafu iache. Kweli, iache dakika kumi urudi tena. Glasi ile ile kwenye nyuzi 10 na kwenye 15 utaona ni kama wamekubadilishia, mwanzo viungo na gesi, baadae chokoleti, tende, wakati mwingine ngozi na tumbaku. Ikifika ile hali ya "moto" ya baa zetu, 28, 30, imekwisha, kilevi kinaruka juu ya kila kitu, kwa hiyo kwa Tanga una kama nusu saa ya uzuri kwenye glasi moja, ndo maana nimesema mimina nusu tu.

Kuhusu kuharibika kweli, na hizi zipo: ikinukia siki, ama dawa ya kudekia hospitali, hiyo ina walakini, imeingiliwa. Ikinukia sosi ya soya na kadibodi, imezeeka kwa joto la kabati lako. Haitakudhuru, lakini usijitese kuinywa, hiyo ya soya na kadibodi ichemshie nyama ya ng'ombe na vitunguu vingi kwa moto mdogo masaa mawili, Wabelgiji wenyewe wanapika hivyo na wanakula na viazi. Ya siki mwaga.

Kwa chakula mi ningekuambia mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta yake, jibini la Irente ukipata mtu anashuka kutoka Lushoto, na halua, najua unashangaa, lakini mwisho mkavu wa bia unaikata halua vizuri sana. Samaki wa kukaanga hapana, itamfunika. Na pilipili kali iweke mbali kabisa, kilevi kingi na pilipili vikikutana mdomoni vinachocheana, hutasikia kingine usiku huo.

Hesabu ya kilevi fanya kabla hujafungua. Mililita 750 kwa asilimia 10 ni mililita 75 za kilevi kitupu, bia ya kawaida ya 500 kwa asilimia 5 ina 25, kwa hiyo chupa hiyo ni bia tatu zimekaa kwenye nguo moja. Gawaneni watu wanne, kila mtu chini ya bia moja, mtakunywa kwa saa nzima na mtaongea. Sio siku ya mechi, sio ya mtu anayerudi na pikipiki Pongwe, na asiyekunywa nyumbani asidanganywe kwamba ni juisi ya tende, nimeshaona huo utani na haukuchekesha.

Na kwa vile shemeji anasafiri, ukimaliza kumtuliza mwambie safari nyingine alete zile ndogo za 330, unafungua moja moja bila kutafuta watu wanne, azivike soksi ndani ya begi, asizilaze, na asome tarehe kwenye lebo. Kama meli yake inagusa Antwerp amtafutie anti Rochefort 8, sio ile 10, ile 8 ina 9.2 na imekaa vizuri zaidi kwa joto letu, nitamlipa.